Mchango

Maradhi huingia nyumbani kwa namna mbili. Mengine huja kwa kishindo kama mafuriko ya usiku: mtu hulala mzima akaamka hajiwezi, majirani hukimbizana, na habari zake huvuka milima kabla ya jua kutua. Mengine huja kwa kunyemelea, kama mwizi wa ghala ambaye kila usiku huchota kibaba kimoja cha mahindi na kwenda zake. Mwenye ghala haoni upungufu leo wala kesho. Huuona siku ya kiangazi, atiapo mkono ndani na vidole vyake vikagusa sakafu. Mafuriko huogopwa na kila mtu. Mwizi wa kibaba hana amwogopaye, na kwa sababu hiyo huiba kwa miaka mingi zaidi.

Minyoo wa tumboni ni wezi wa namna hii. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao bilioni 1.5 ulimwenguni wana minyoo waliopatikana udongoni, nalo limeyatia maradhi hayo katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyopuuzwa. Neno hilo, kupuuzwa, ni neno la haki. Hakuna gazeti liandikalo kwa herufi kubwa kuwa mtoto fulani leo alisinzia darasani, au kwamba mwingine amekuwa mfupi kuliko alivyojaliwa kuwa. Aibiwaye mwenyewe aghalabu hajui kuwa ameibiwa.

Nataka kusema machache juu ya wezi hawa. Mimi si tabibu. Nilikulia Subukia, katika bonde lililo njiani kati ya Nakuru na Nyahururu, na huko nilijifunza jambo ambalo watu wengi hulisahau wakishapokea dawa zao dirishani: kwamba minyoo si maradhi ya mtu mmoja. Ni maradhi ya majirani.

Lugha yetu yenyewe imeficha fundisho hilo katika neno moja. Mwalimu wetu wa Kiswahili, ambaye alikuwa mtu wa pwani, alituuliza siku moja maana ya neno mchango. Sote tulijibu kwa pamoja kuwa mchango ni kile mtu atoacho katika harambee. Akacheka, akasema kuwa tumejibu nusu. Kwao, akasema, mchango ni pia yule mnyoo mrefu, mviringo, aishiye katika utumbo wa mtu. Kisha akatuonyesha jinsi sarufi inavyoweza kuwatenga wawili hao: mchango huu hutolewa mkononi, mchango huyu hutambaa tumboni. Darasa lilicheka sana. Mimi sikucheka sana, kwa sababu nitakayoeleza hapa chini, na tangu siku ile maneno hayo mawili hayajatengana moyoni mwangu.

Kwanza yafaa tumjue adui. Minyoo wapatikanao udongoni wako wa aina tatu kubwa. Yuko mchango, ambaye jike lake laweza kufikia urefu wa sentimita 30 na kupita. Yuko mnyoo mwembamba kama mjeledi, ambaye hujichomeka katika utumbo mkubwa. Na wako minyoo wa safura, wadogo kama kipande cha uzi, ambao hung'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu hata mtu akapauka, akachoka na kuhema kwa kazi ndogo. Mnyoo wa safura hupenda nchi yenye joto na unyevu, kama Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria. Hungoja udongoni na kupenya ngozi ya mguu usiovaa kiatu. Mchango huvumilia baridi kuliko yeye, na kwa hiyo hata watu wa nyanda za juu hawakusalimika naye.

Safari ya mchango ni ya ajabu. Jike mmoja hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku. Mayai hayo hutoka pamoja na choo cha mtu. Yakianguka shimoni, hufia huko bila kumdhuru mtu. Yakianguka kichakani au shambani, hukaa udongoni majuma kadhaa yakikomaa, na yakiwa mahali penye kivuli na unyevu yaweza kuishi miaka. Kisha mtoto hung'oa karoti, akaipangusa kwa kiganja na kuila. Au hushika udongo katika mchezo, akatia kidole kinywani. Yai huanguliwa tumboni. Kiluwiluwi chake hutoboa utumbo, huingia katika damu, hupita ini, hufika mapafuni, hupanda kooni pamoja na makohozi, na kumezwa mara ya pili. Hapo ndipo hutulia utumboni na kuwa mnyoo mzima. Mwaka 1922 daktari mmoja wa Kijapani, Shimesu Koino, alimeza mwenyewe mayai 2,000 ya mchango ili ajue ukweli wa safari hiyo, na baadaye akawaona viluwiluwi katika makohozi yake. Wako watu waliolipia maarifa kwa miili yao.

Katika maelezo haya yote, msomaji, nakuomba ushike jambo moja. Minyoo hawa hutaga tumboni, lakini mayai yao hayawi minyoo humo. Ni lazima yatoke, yakomae udongoni, kisha yaingie tena kinywani. Maana yake ni kuwa mtu mwenye michango ishirini tumboni amemeza mayai yasiyopungua ishirini, moja moja, kutoka nje. Na kila yai kati ya hayo lilitoka katika tumbo la mtu. Laweza kuwa lilitoka katika tumbo lake mwenyewe siku za nyuma, lakini mara nyingi lilitoka kwa ndugu, kwa mwenzake wa shule, au kwa jirani aliye upande wa juu wa mteremko.

Nasema upande wa juu wa mteremko kwa sababu Subukia ni nchi ya miteremko. Atokaye Nyahururu hushuka bondeni kama ashukaye ngazi. Atokaye Nakuru hupanda kwanza, kisha naye hushuka. Mstari wa Ikweta hupita katika sehemu zetu, lakini mgeni atarajiaye joto la Ikweta hukuta asubuhi yenye ukungu na watoto wenye sweta. Zamani za ukoloni ardhi hiyo ilikuwa ya mashamba makubwa ya walowezi. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mashamba mengi yaligawanywa, na watu wengi wakapata vipande vidogo vilivyopangana kutoka juu hadi chini, kila kipande na nyumba yake, ng'ombe wake, mahindi yake na kabichi zake. Mvua kubwa ikinyesha, maji hayajui mpaka. Hutoka katika shamba la juu, hupita la kati, huingia la chini, na kila kitu kilicho juu ya udongo huenda nayo. Sisi tulikaa chini.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi wakati ndugu yangu mdogo, ambaye alikuwa na miaka mitano, alipoanza kuumwa. Tumbo lake lilikuwa kubwa siku zote, nasi tulilizoea. Nyanya alisema ni ulafi. Wengine walisema ni sukari, maana kwetu mtoto apendaye sukari huambiwa kuwa anakaribisha minyoo. Hata wazee wengine walisema kila mtu lazima awe na minyoo wachache wa kumsagia chakula. Basi usiku mmoja tumbo lile lilikaza kama ngoma, naye akatapika, na katika matapishi mama alimulika taa akaona mchango, mzima, akijinyonganyonga. Sitasahau uso wa mama usiku ule. Hakupiga kelele. Alimfunga mtoto mgongoni, akaenda kusubiri njiani gari la kwanza lipelekalo kabichi Nakuru.

Hospitalini waliona kuwa utumbo umezibwa na fundo la minyoo. Walimfungua tumbo, wakawatoa. Kwa siku tatu hatukujua kama atarudi nyumbani. Alirudi, amekonda kama fimbo, na kovu refu ambalo analo mpaka leo. Lakini mama alirudi na jambo jingine. Daktari alikuwa amemwambia hivi: "Mama, sisi tumewatoa walio ndani. Hawa hawakuzaliwa tumboni. Waliingia kutoka kwenu. Usipotazama udongo, tutaonana tena."

Maneno hayo yalimchoma mama, kwa kuwa alikuwa mtu wa usafi. Choo chetu kilikuwa na kifuniko, na jivu halikukosekana humo. Alitufundisha kunawa mikono mpaka majirani wakamtania. Tangu siku ile akazidisha. Hakuna karoti iliyoliwa bila kuoshwa, wala maji yaliyonywewa bila kuchemshwa. Sote tulipewa dawa katika zahanati. Hata hivyo, mvua za masika zilipokwisha, ndugu yangu alipimwa tena, na mayai ya mchango yakaonekana tena. Nyumba yetu moja ilikuwa imefanya yote iliyoweza, na haikutosha.

Hapo ndipo mama alipoinua macho na kutazama juu ya mteremko. Katika shamba la juu yetu aliishi mjane mwenye watoto wanne, na nyumba ile haikuwa na choo. Jambo hilo lilijulikana na wote wala halikutajwa na yeyote. Baba alipolijua alikasirika, akataka kwenda kwa chifu. Mama alimwomba asubiri siku moja. Alijaza kikapu viazi, akanichukua mimi, tukapanda.

Nakumbuka waliongea kwanza juu ya mvua, juu ya bei ya mahindi, juu ya ng'ombe aliyekataa kunywa maji. Kisha mama akasema, "Mama mwenzangu, sikuja kugombana. Nimekuja kwa sababu maji yako ndiyo maji yangu. Yapitayo kwako leo, kesho yako kwangu." Yule mama alikaa kimya muda mrefu. Nilidhani atatufukuza. Mwishowe alisimama, akatupeleka nyuma ya nyumba na kutuonyesha mashimo mawili yaliyoachwa, kila moja halifiki kiuno cha mtu. "Nilichimba hapa," akasema, "nikakuta mwamba. Nikachimba pale, nikakuta mwamba. Mikono yangu ni hii miwili, na watoto ni hawa. Ningemwambia nani? Mtu huenda kwa jirani kuomba chumvi. Haendi kuomba shimo la choo."

Katika maneno hayo niliona kwa mara ya kwanza kitu kilinde­acho minyoo kuliko giza la udongo, nacho ni aibu. Tulimdhani mvivu, kumbe alikuwa amechimba mpaka mwamba ukamshinda. Yeye naye alidhani tunamdharau, na kwa hiyo alinyamaza. Wahenga walisema kuwa mficha maradhi, kilio humfichua. Kwetu kilio kilikaribia sana.

Udongo wenye kina ulikuwako, lakini ulikuwa upande wetu wa mpaka. Kila mtu ajuaye habari za ardhi katika Bonde la Ufa ataelewa uzito wa jambo hilo. Kwetu watu hushtakiana kwa upana wa hatua moja, na ndugu hukosana juu ya mstari wa mikatani. Mama alipomweleza baba, baba hakujibu chakula chote cha jioni. Asubuhi alichukua kamba, akapima hatua sita za shamba letu kando ya mpaka, akaweka vigingi, akasema tu, "Hapa hapana mwamba."

Siku ya Jumamosi walikuja watu wa nyumba nane. Mmoja alitoa magogo ya mkaratusi ya kufunika shimo. Mwingine alitoa mabati yaliyotumika. Wasio na kitu walitoa mikono yao, na kina mama walipika uji na githeri kwa wachimbaji. Lilichimbwa shimo refu kuliko watu wawili waliosimama begani, mbali na kisima. Juma lililofuata watoto wote wa nyumba zile nane walipelekwa zahanati kumeza dawa siku moja. Sisemi kuwa minyoo walikwisha katika mteremko wetu. Maisha hayana mwisho mwepesi hivyo. Lakini ndugu yangu hakurudi katika chumba cha upasuaji, na leo ni mtu mzima mwenye watoto wake. Ndiyo sababu sikucheka sana mwalimu wa pwani alipotueleza maana mbili za mchango. Nilikuwa nimekwisha kuona mchango mmoja ukimshinda mwingine.

Jambo ambalo mama yangu alilijua kwa kutazama maji yakishuka mlimani, wataalamu walikuja kulipima kwa hesabu, mbali na kwetu, katika wilaya ya Busia karibu na mpaka wa Uganda. Mwaka 1998 ulianzishwa huko mradi wa kuwapa dawa wanafunzi wa shule za msingi 75, zenye watoto zaidi ya 30,000. Uchunguzi wa mwanzo ulionyesha kuwa watoto 92 katika kila mia ya waliopimwa walikuwa na minyoo wa aina moja au zaidi, kichocho kikihesabiwa pamoja. Shule ziligawanywa makundi matatu ya shule 25: la kwanza lilianza kupewa dawa mwaka 1998, la pili mwaka 1999, na la tatu mwaka 2001. Wataalamu wawili wa uchumi kutoka Marekani, Edward Miguel na Michael Kremer, walilinganisha makundi hayo na kutangaza waliyoyaona mwaka 2004. Idadi ya watoto wanaokosa kuhudhuria shule ilipungua kwa robo. Lililoshangaza zaidi ni kuwa hata watoto ambao hawakumeza dawa, lakini wanasoma na kucheza karibu na walioimeza, minyoo yao ilipungua pia. Mayai yalikuwa yamepungua udongoni, na kila mtu aliyekanyaga udongo ule alifaidika.

Ni wajibu wa msomi kueleza na yale yasiyompendeza. Uchunguzi wa Busia haukuonyesha kuwa watoto waliotibiwa walipata alama za juu zaidi katika mitihani. Mwaka 2015 wataalamu wengine walipozirudia hesabu hizo, walikuta makosa, hasa juu ya umbali ambao faida ile ilifika kutoka shule moja hadi nyingine, na ubishi juu ya kiasi cha faida ya dawa umeendelea tangu wakati huo. Kwa upande mwingine, waliowafuata wanafunzi wale kwa miaka ishirini walitangaza mwaka 2021 kuwa wale waliopata miaka miwili au mitatu zaidi ya tiba walikuwa na ujira wa saa ulio juu kwa 13 katika mia kuliko wenzao. Kremer alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa kazi yao ya kuuchunguza umaskini kwa majaribio ya namna hii.

Serikali ya Kenya ilianza mpango wa taifa wa kutoa dawa shuleni mwaka 2009, ambapo watoto zaidi ya milioni 3 walitibiwa, na ikauanza upya mwaka 2012, hasa katika sehemu za Magharibi, Nyanza na Pwani ambako minyoo ni wengi. Dawa zenyewe, albendazoli na mebendazoli, ni kidonge kimoja cha kutafunwa. Lakini je, minyoo hukaa katika wanafunzi peke yao? Swali hilo liliulizwa Kwale kati ya mwaka 2015 na 2017, katika uchunguzi ulioitwa TUMIKIA, jina lililoundwa kutokana na maneno Tuangamize Minyoo Kenya Imarisha Afya. Katika vijiji ambavyo wanafunzi tu walipewa dawa mara moja kwa mwaka, watu wenye minyoo wa safura walipungua kutoka 19 hivi katika mia hadi 14 hivi. Katika vijiji ambavyo watu wote walipewa dawa mara mbili kwa mwaka, mkubwa na mdogo, walipungua kutoka 21 hivi hadi 6 hivi. Hesabu hiyo husema kwa tarakimu yale ambayo nyumba zetu nane zilisema kwa majembe: usipomhesabu jirani, umehesabu nusu.

Hata choo, ambacho nimekisifu, hakina uwezo peke yake. Katika Kakamega, Bungoma na Vihiga ulifanywa uchunguzi mkubwa, ukatangazwa mwaka 2019. Nyumba zilizoboreshewa vyoo peke yake hazikuonyesha upungufu wa michango. Zile zilizopata maji yaliyotiwa dawa, na zile zilizopata maji hayo pamoja na choo na sabuni, zilionyesha upungufu wa karibu sehemu moja kwa tano. Mimi siyashangai matokeo hayo. Choo cha nyumba moja katikati ya nyumba nyingi zisizo nacho ni kama mwavuli wenye tundu: humlinda mwenyewe kidogo, naye bado hulowa.

Kama yuko anayedhani kuwa vita hivi havishindiki, na aitazame Japani. Baada ya vita vikuu vilivyokwisha mwaka 1945, zaidi ya nusu ya Wajapani walikuwa na mchango, kwa kuwa wakulima wao walizirutubisha mboga kwa kinyesi cha watu. Waliamua kupigana. Watoto walipeleka choo chao shuleni kipimwe, bila kuona haya, na waliokutwa na minyoo walitibiwa. Mwaka 1955 ukaundwa umoja wa kushughulikia vita hivyo nchini kote. Mbolea ya kinyesi ikaachwa. Kizazi kimoja kilitosha kumfanya mchango kuwa kitu cha kuonyeshwa katika chupa. Hawakuwa na dawa bora kuliko zetu. Tulizo nazo leo ni bora kuliko zao za wakati ule. Walichokuwa nacho ni kukubali kuwa jambo la kila tumbo ni jambo la wote.

Wewe usomaye ukurasa huu shuleni, yamkini hutaweza kujenga hospitali mwaka huu. Lakini waweza kuosha karoti yako, kuvaa viatu, na kunawa mikono utokapo chooni na kabla ya kula. Waweza kumeza kidonge siku kinapoletwa, wala usikifiche chini ya ulimi kwa kuwa tumbo lako haliumi. Hukimezi kwa ajili yako tu, wakimezea na wale wasiokifikia. Na liko jambo gumu kuliko hayo yote, ambalo halihitaji fedha: kusema. Ukimwona mwenzako ana tumbo kubwa na uso uliopauka, usimcheke. Ukijua nyumba isiyo na choo, usiitangaze njiani kwa dharau. Waulize wenyewe wamekutana na mwamba gani.

Kidole kimoja hakivunji chawa, wala nyumba moja haimshindi mchango. Yeye huishi kwa sababu kila mtu hutunza uwanja wake na kunyamaza juu ya uwanja wa jirani. Mpaka wa shamba ni kitu cha heshima, na sheria huulinda. Lakini maji ya mvua hayausomi. Basi tuweke vigingi vyetu, na ikibidi tuvisogeze hatua sita.